Kahawa ya babu na ua linalojichavusha

Najua nimepotea kama wiki tatu, na kuna watu wameshaanza kuniuliza kule kwenye vimbweta kama nimehama chuo. Sijahama. Nilikuwa nimezama kwenye insha ya historia, na kwa mara ya kwanza tangu nije hapa Mlimani nimeandika kitu ambacho hata mwalimu asingeniuliza ningekiandika tu. Boom lenyewe halijaingia, kwa hiyo muda wa kukaa na vitabu ninao.

Tuliambiwa tuchague zao moja na tueleze historia yake, ila siyo ile ya mjerumani alikuja, mwingereza akafuata. Alitaka tuangalie mmea wenyewe ulichangia nini. Darasa zima likakimbilia mkonge, karafuu na pamba. Mimi nikachukua kahawa, na sababu siyo usomi. Sababu ni kwamba nina deni kwa mama yangu.

Nianzie hapo. Nilipomaliza fomu foo nilikaa nyumbani Kilimanjaro nikisubiri matokeo, sina kazi. Kihamba chetu kina mibuni mizee aliyopanda babu (mbuni wa kahawa jamani, sio yule ndege), imechanganyika na migomba kama kawaida ya kwetu. Kila mwaka inapigwa na chulebuni. Kwa asiyejua, chulebuni ni ugonjwa wa ukungu unaoshika tunda likiwa bado bichi. Linatokea doa jeusi lililobonyea, halafu tunda zima linakauka mtini au linadondoka, na wewe ulishalihesabu kwenye ada ya mtoto. Dawa ya kopa ipo, ila ni hela, na lazima upige mara nyingi.

Sasa shangazi yangu alikuwa na miche michache ya ile kahawa mpya, ya chotara, aliyonunua kwenye kitalu cha kikundi chao. Miti yake mizuri, haina doa hata moja. Mimi nikajiona mjanja. Nikaenda nikachuma matunda yaliyoiva, nikamenya, nikakausha mbegu kivulini, nikatengeneza kitalu changu chini ya migomba. Ikaota miche kama sitini. Mama akafurahi mno, akang'oa karibu nusu ya mibuni ya babu tukapanda ya kwangu mvua za masika zilizofuata. Majirani watatu nao niliwagawia. Nilisifiwa mpaka kanisani.

Mwaka huu mwezi wa tano mama akapiga simu. Akanisalimia vizuri, akaniuliza kama nakula, halafu akasema, "Baba, ile kahawa yako mingine imeshika doa. Na haifanani. Mmoja mrefu kama mwerezi, mwingine mfupi, mwingine umezaa kidogo tu. Utadhani kila mmoja una baba yake."

Nilikaa kitandani hosteli nikakosa la kusema. Kesho yake ndiyo nikaenda maktaba. Na nilichokikuta kimenifanya nicheke na kusikitika kwa pamoja, kwa sababu ukweli ni kinyume kabisa cha alivyosema mama. Ile miche karibu yote ina baba mmoja, na huyo baba ndiye mama yake huyo huyo. Tatizo lilianzia hapo.

Tuliangalie ua lenyewe kwanza. Wale wa kwetu mnajua kahawa inavyochanua. Ukame ukishakaza, ikanyesha mvua, baada ya kama siku nane au kumi shamba zima linakuwa jeupe na linanukia kama asmini. Baada ya siku mbili tatu limekwisha. Ndani ya kila ua mna sehemu ya kiume, yaani vijiti vinavyobeba chavua, ule unga unga, na katikati kuna kijiti cha kike kinachopokea. Ili tunda litunge lazima chavua ifike pale katikati. Mimea mingi inahangaika sana na hiyo kazi. Inaita nyuki, inaita upepo, mingine inaita popo. Kahawa ya arabika yenyewe haihangaiki. Ua likifunguka tu, chavua yake inadondokea kwenye kijiti chake lenyewe, mara nyingi kabla hata mdudu hajafika. Kwa makadirio ya watafiti, maua ya arabika yanayotunga tunda kwa njia hiyo ni karibu tisa katika kila kumi. Huko ndiko kujichavusha.

Zamani watu hawakuliona hili kama jambo la maana. Mjerumani mmoja, Christian Konrad Sprengel, alitoa kitabu mwaka 1793 akieleza kwamba maua yameumbwa hivyo yalivyo kwa ajili ya wadudu, na akagusia kwamba asili kama haipendi ua lijichavushe lenyewe. Wenzake hawakumjali. Aliyekuja kulifanyia kazi hasa ni Charles Darwin. Huyu mzee wengi tunamjua kwa mambo ya nyani tu, lakini alikaa miaka kumi na moja akichavusha maua kwa mkono wake, aina hamsini na zaidi, na mwaka 1876 akatoa kitabu kizima. Alikuwa anachukua mmea mmoja, anapanda mbegu zilizotokana na kujichavusha upande huu, na zilizotokana na kuchavushwa na mmea mwingine upande ule, chungu kimoja, udongo mmoja, kisha anapima urefu. Mara nyingi sana wale wa mchanganyiko walikuwa warefu zaidi, wenye nguvu zaidi, na wenye mbegu nyingi zaidi. Na jambo hili lilimgusa binafsi. Alikuwa amemwoa Emma, binti wa mjomba wake, wakapata watoto kumi na watatu kati yao walikufa wakiwa wadogo. Alihofu kwamba udhaifu wa wanawe unatokana na undugu wa wazazi. Mtu anapima maua huku anawaza watoto wake. Hilo lilinikaa sana.

Lakini Darwin huyo huyo alikuwa mkweli. Katika kizazi cha sita cha ua mmoja aliokuwa anaulazimisha kujichavusha, likatokea mche mmoja lililowashinda hata wale wa mchanganyiko. Akaupa jina la Hero, yaani shujaa. Kwa hiyo siyo kwamba kujichavusha ni laana. Na alikubali pia kwamba kuna faida moja ambayo huwezi kuikataa: mmea unaojichavusha una uhakika wa kupata mbegu hata kama uko peke yake na nyuki hakuna. Mwaka 1955 mtaalamu mmoja wa mimea, Herbert Baker, akalisogeza hilo mbele. Alisema mimea inayofanikiwa kuanzisha maisha mahali pageni, mbali, ng'ambo ya bahari, mara nyingi ni ile inayoweza kujichavusha, kwa sababu mmoja tu akifika inatosha.

Mmoja tu inatosha. Sasa shika hilo tuingie kwenye safari ya kahawa.

Kwao arabika ni misitu ya kusini magharibi mwa Ethiopia na ng'ambo kidogo, Sudan Kusini, kwenye uwanda wa Boma. Ilivuka ikaenda Yemen, na huko ndiko ilikolimwa kwa wingi na kuuzwa kupitia bandari ya Mokha. Ndiyo maana Linnaeus alipoipa jina mwaka 1753 akaiita ya Uarabuni. Wadachi wakaipeleka Java. Mwaka 1706 mche kutoka Java ukafika bustani ya mimea ya Amsterdam, ukatunzwa ndani ya nyumba ya vioo, ukachanua na kuzaa huko kwenye baridi, bila mwenzake wa porini na bila nyuki wa Ethiopia. Mwaka 1714 wakuu wa mji wa Amsterdam wakampa mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa mche uliotokana na huo. Ukawekwa bustanini Paris. Miaka ya 1720 afisa mmoja wa Kifaransa, Gabriel de Clieu, akavuka Atlantiki na mche mdogo kwenda Martinique. Mwenyewe alisimulia uzeeni kwamba maji ya kunywa yalipungua melini ikabidi agawane mgao wake na huo mche. Mimi habari za wazee kujisifia huwa nazichuja, lakini kwamba kahawa ya Martinique ilienea visiwa vya jirani na bara la Amerika, hilo halina ubishi.

Fikirieni kidogo. Ungekuwa ni mmea unaohitaji mwenzake, hiyo hadithi isingekuwepo. De Clieu angefika na mche wake, angeumwagilia mpaka ukachanua, maua yangedondoka, basi. Angebaki na pambo la uani.

Upande wetu wa bahari njia ilikuwa nyingine. Kuanzia mwaka 1715 Wafaransa walichukua miche kutoka Yemen moja kwa moja wakaipeleka kisiwa cha Bourbon, ambacho leo ni Réunion. Mingi ikafa, ikapona michache sana, na hiyo michache ndiyo iliyojaza kisiwa. Mwaka 1868 mapadri wa Roho Mtakatifu, Wafaransa nao, wakafungua misheni Bagamoyo, na kahawa ya Réunion ikaja nao. Kutoka hapo ikapanda bara: Bura huko Taita mwaka 1893, na Kilema, Kilimanjaro, mwishoni mwa karne hiyo ya 19. Mwaka unaotajwa sana ni 1898. Kilema kwa miguu kutoka kwetu ni asubuhi moja tu.

Kwa hiyo mibuni ya babu ni vitukuu vya miche michache iliyonusurika kisiwani zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, na kila kizazi kimejizaa chenyewe. Nilipolielewa hili nilitamani babu awe hai nimwambie.

Kuna rafiki yangu wa Bukoba tunakaa naye chumba kimoja. Nilipomsomea hii akaniambia, "We, kwetu mbona haiko hivyo?" Na yuko sahihi. Kahawa ya Bukoba ni robusta, na robusta ina tabia tofauti kabisa. Chavua yake ikidondokea kwenye ua lake lenyewe, au la mti uliozaliwa kwa kikonyo chake, inakataliwa. Haioti. Lazima itoke kwa mti mwingine wa ukoo mwingine, kwa upepo au kwa nyuki. Wahaya walikuwa na kahawa hiyo muda mrefu kabla padri yeyote hajafika. Walikuwa wanaichemsha na kuikausha kwa kutafuna, na walikuwa wakiitumia kuunganisha udugu wa damu: tunda moja lina mbegu mbili, mmoja anakula hii, mwenzake ile. Rafiki yangu anasema kwao hata leo mgeni anapewa za kutafuna. Mmea unaokataa kujizaa wenyewe, wenyewe wakaufanya alama ya kuungana na mtu wa nje. Sidhani kama walipanga, lakini imenipendeza.

Jambo la ajabu ni kwamba arabika yenyewe ni chotara. Wataalamu wanasema zamani sana robusta na kahawa nyingine ya porini inayoitwa eugenioides, ambayo inaota pande zetu hizi za Afrika Mashariki, zilichavushana, na mtoto akabeba kromosomu za wote wawili: 22 za huyu na 22 za yule, jumla 44. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 umekadiria kwamba ilitokea kama miaka 600,000 iliyopita. Mtoto huyo, tofauti na wazazi wake, akaweza kujichavusha. Kwa hiyo ukoo mzima wa arabika duniani ulianza na ndoa moja ya mbali, halafu ukajifungia ndani.

Faida ya pili ya kujichavusha ni hii ambayo babu aliijua bila kusoma. Ukijifungia ndani muda mrefu, mbegu inakuwa safi. Mtoto anafanana na mzazi. Mendel alipotaka kufanya majaribio yake aliyoyachapisha mwaka 1866 alichagua njegere, na sababu mojawapo ni kwamba njegere zinajichavusha, kwa hiyo alijua anaanza na kitu gani. Kwa mkulima maana yake ni hela. Babu hakununua mche hata siku moja. Aliona mti unaozaa vizuri, akaokota mbegu, akapanda, akapata mti ule ule. Miaka ya 1920 Wachaga walivyoingia kwenye kahawa kwa nguvu, mpaka wakaanzisha chama chao cha wakulima mwaka 1925, kilichokuja kuzaa KNCU mwaka 1933, mbegu ilikuwa inatembea hivyo: kwa jirani, kwa shemeji, kwa mkwe.

Na hapa pana kisa cha kisiasa ambacho kwenye insha nimekipa kurasa mbili. Walowezi wa kizungu walipiga kelele kwamba Mwafrika asiruhusiwe kulima arabika. Kenya walifanikiwa kwa muda mrefu tu, huku kwetu walishindwa. Hoja yao mojawapo ilikuwa kwamba mashamba ya Waafrika yatakuwa kiota cha magonjwa na yataambukiza ya kwao. Kha! Wakati huo tayari dunia ilikuwa imeshashuhudia ugonjwa wa kahawa ulioangamiza nchi nzima, na ulianzia kwenye mashamba makubwa ya Wazungu wenyewe.

Ilikuwa Ceylon, Sri Lanka ya leo. Waingereza walikata misitu ya milimani wakapanda arabika mlima kwa mlima, ikawa kati ya wauzaji wakubwa wa kahawa duniani. Mwaka 1869 ikaonekana kutu ya majani: unga wa rangi ya chungwa chini ya jani, jani linadondoka, mti unabaki mifupa. Walidhani ni hali ya hewa. Mwaka 1880 wakamleta kijana mmoja mtaalamu, Harry Marshall Ward, akakaa mpaka 1882. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba ukungu huo unasafiri kwa vumbi la mbegu zake kupitia upepo, na kwamba kupanda mmea mmoja bila kuchanganya kitu, kilomita baada ya kilomita, ndiko kulikoupa nguvu. Alichelewa. Wakulima wakang'oa wakapanda chai, na mpaka leo tukisikia Ceylon tunafikiria majani ya chai.

Nisije nikaonekana naisingizia tabia ya ua kila kitu. Kukata msitu wote na kupanda zao moja kulitosha kuleta balaa. Lakini kwenye shamba la miti iliyotoka vizazi mbalimbali, ugonjwa ukija utaangusha hawa na kuwaacha wale, na wale waliobaki watazaa. Ceylon hakukuwa na "wale". Miti yote ilikuwa kama mapacha. Ufunguo unaofungua mlango mmoja ulifungua yote. Kutu hiyo hiyo ikafika Brazil mwaka 1970, na kuanzia 2012 ikawamaliza wakulima wadogo wa Amerika ya Kati, miaka karibu mia moja na nusu baadaye, miti ya ukoo ule ule.

Chulebuni ndiyo yetu zaidi. Iligunduliwa mara ya kwanza magharibi mwa Kenya mwaka 1922, miaka ya 1960 ikawa imeingia na huku kwetu, na mwaka 1968 ikaleta hasara kubwa sana Kenya. Tangu hapo swali likawa, dawa inatoka wapi? Siyo ya kupuliza, nasema ya ndani ya mmea. Kwenye mibuni ya Réunion na ndugu zake unaweza kutafuta mpaka uchoke. Kwa bahati kulikuwa na mbegu zilizokusanywa miaka ya 1940 kule Boma, Sudan Kusini, kwenye arabika ya porini. Wakaziita Rume Sudan. Zilikuwa na uwezo wa kuhimili chulebuni. Na kwa upande wa kutu, mwaka 1927 kwenye kisiwa cha Timor ulionekana mti mmoja katikati ya shamba la arabika ambao kutu haikuusumbua. Ulikuwa ni mtoto wa arabika na robusta, waliochavushana wenyewe shambani bila mtu kuwatuma. Mara nyingine tena ni mti mmoja. Ukajichavusha, ukazaa, na watoto wake wakasambazwa vituo vya utafiti duniani.

Ona basi mzunguko ulivyo: kujichavusha ndiko kulikoipeleka kahawa dunia nzima, na kila iliposhikwa pabaya msaada ulitoka kwa mgeni. Kisha mgeni huyo naye akaenezwa kwa kujichavusha.

Kenya wakachanganya hayo yote wakatoa Ruiru 11 mwaka 1985. Mbegu yake inatengenezwa kwa mkono. Ndiyo, kwa mkono: mtu anafungua ua kabla halijafunguka, anatoa zile sehemu za kiume, anafunika, halafu anakuja kupaka chavua ya mti mwingine. Ua moja baada ya jingine. Huko ni kuuzuia mmea kufanya ambacho umekizoea. Kwetu Tanzania chotara mpya za utafiti wa kahawa zilianza kutoka mwaka 2005, na nyingi wanazizalisha kwa vikonyo au kwa kubebesha, ili mche uwe nakala kamili ya mama.

Sasa mnaelewa nilichofanya. Miti ya shangazi ilikuwa nakala za chotara. Mimi nikachukua tunda. Lile tunda lilitokana na ua lililojichavusha, kama arabika zote. Chotara ana mchanganyiko ndani yake: kwa kila sifa ana upande wa baba na upande wa mama. Tuseme upande mmoja una kinga na mwingine hauna. Akijichavusha, wanagawanyika: katika kila wanne, mmoja anapata kinga pande zote mbili, wawili wanakuwa kama mzazi, na mmoja anakosa kabisa. Hiyo ni sifa moja. Urefu nao unagawanyika hivyo hivyo, na wingi wa matunda, na ukubwa wa mbegu. Ndiyo maana mama aliona kila mti na sura yake. Babu aliokota mbegu na hakukosea, kwa sababu miti yake ilikuwa safi. Mimi nilifanya kile kile alichofanya babu, kwa mti usio wa aina hiyo.

Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyetuambia, wala mimi sikuuliza. Shangazi alijua tu kwamba miche inanunuliwa. Akadhani ni biashara ya watu. Na kusema kweli wazo hilo siyo la kipumbavu, mkulima ameshauziwa vingi. Kenya mwaka 2010 walitoa aina nyingine, Batian, ambayo wameikalisha vizazi mpaka ikatulia, kwa hiyo mkulima akiokota mbegu yake anapata kitu kile kile. Mimi nawaunga mkono waliofikiria hivyo. Mmea una kipaji cha kujizaa bila gharama, kwa nini tumnyang'anye mkulima?

Kitu kimoja nilitaka kukiacha lakini nakiweka. Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba arabika haina shida na nyuki. Mwaka 2002 mtafiti David Roubik alichapisha kazi aliyoifanya Panama, na akaonyesha kwamba nyuki wakitembelea maua, mavuno ya arabika yanaweza kuongezeka kwa zaidi ya nusu. Na nyuki wenyewe walikuwa wa asili ya Afrika! Kwa hiyo hata ua linalojitosheleza linafurahia mgeni. Babu alikuwa na mizinga miwili kwenye mringaringa nyuma ya nyumba. Alipofariki tukaiacha ikaoza.

Juzi nikampigia mama. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ndefu, na kwanza nikamwomba radhi. Akanikatiza, "Mingapi ni mibaya?" Nikamwambia kwa hesabu huenda robo, ila azunguke mwenyewe aangalie. Akasema ameshazunguka na ameifunga kitambaa chekundu, ni kumi na tisa. Katika sitini, jamani. Mimi nimekaa maktaba wiki tatu.

Tumekubaliana ile kumi na tisa iondoke baada ya mavuno, na mahali pake ipandwe miche ya vikonyo, nitachangia boom likiingia. Mizuri inabaki, ila mbegu zake hakuna kuokota. Majirani wale watatu nitawaendea mwenyewe likizo, na hilo ndilo ninaloliogopa kuliko mtihani. Nikamuuliza na ile mibuni ya babu iliyobaki, tuing'oe? Akanyamaza kidogo. Akasema ule mmoja wa mlangoni hauondoki, kwa sababu ndio anaouota kila Oktoba ukichanua. Mingine tutaongea nikifika.

Halafu akaniuliza mzinga wa nyuki siku hizi unauzwa bei gani.